Nani Aliweka Mishumaa Mezani?

Sogeeni karibu, wajukuu. Simu zilazeni kifudifudi kwa muda. Hadithi ya leo ina milima, moto, vita na chakula kingi, ila inataka sikio lililotulia.

Tuanzie Kendu Bay, Ijumaa alasiri. Ukipita mitaa yake saa kumi na moja hivi utakuta pilikapilika usiyoikuta Jumatano. Pasi ya makaa inapepewa. Mitungi na madebe yanajazwa maji ya kesho. Samaki wa kesho anaungwa leo, viatu vinapakwa rangi na kupangwa mlangoni, watoto wanafukuzwa wakaoge kabla jua halijajificha nyuma ya Mlima Homa. Likizama tu, watu wa nyumba wanakaa pamoja: wimbo, somo fupi, sala. Wenyewe husema wamefungua Sabato. Kesho yake jioni wataifunga vilevile, kwa wimbo na sala, na hapo ndipo redio inaporuhusiwa kusema.

Wengi wenu mmelelewa katika nyumba za namna hiyo, na waliobaki ni majirani zao. Mmezoea. Nacho kitu ulichokizoea huulizi kilikotoka. Leo tuulize.

Jibu la kwanza liko karibu, kilimani Gendia. Mwaka 1906 wageni wawili walivuka ghuba kutoka Kisumu wakapanda kilima hicho. Mmoja aliitwa Arthur Carscallen, kijana wa Kanada. Mwenzake alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi. Wasimulizi wengi humtaja wa kwanza na kumsahau wa pili, tabia ambayo mimi siipendi hata kidogo. Wakaanzisha hapo misheni ya kwanza ya Waadventista Wasabato katika nchi yetu. Haikupita miaka mingi wakawa wamefika Kamagambo, upande ambao siku hizi ni Kaunti ya Migori, na Gendia ikapata mtambo wa kuchapa vitabu.

Carscallen naye aliipata wapi Jumamosi yake? Kwa kanisa lake, lililoundwa rasmi Marekani mwaka 1863. Na wale waliolianzisha? Nyuma ya hapo, mwaka 1844, katika kijiji kiitwacho Washington, jimbo la New Hampshire, kulikuwa na mama mmojawapo wa wale watu wasiokubali jambo nusunusu. Jina lake Rachel Oakes. Aliwasumbua waumini wenzake kwa hoja moja: amri ya nne inataja siku ya saba, na nyinyi mnapumzika siku ya kwanza. Mama huyo alitoka kwa Wabaptisti wa Siku ya Saba, watu walioanzia Uingereza katika karne ya 17. Na hao Waingereza je? Walifungua Biblia, wakasoma wenyewe.

Utazameni vizuri mnyororo huo. Toka Kendu Bay hadi London, hakuna pahali ambapo Myahudi aliketi na mtu akamfundisha Sabato. Kilichosafiri ni kitabu. Ndiyo sababu nyumba ya Msabato wa Kendu Bay na nyumba ya Myahudi wa Nairobi, mji ambao una sinagogi kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, zinaianza Sabato jua likizama Ijumaa, lakini ukichungulia mezani huoni vitu vilevile. Kwa Myahudi utakuta mishumaa miwili inawaka. Kando yake kikombe cha divai. Halafu mikate miwili iliyosukwa, imefunikwa kitambaa.

Nani aliviweka? Pekueni vitabu vitano vya Musa kutoka mwanzo hadi mwisho, hampati mishumaa. Kitabu kilitoa siku. Namna ya kuishika siku ilitoka kwa watu, nao walichukua karne nyingi, wakabishana mno. Mabishano hayo ndiyo hadithi yenyewe.

Chukueni huo mshumaa. Kitabu cha Kutoka kinakataza kuwasha moto nyumbani siku ya Sabato. Kimeishia hapo, hakifafanui. Marabi, yaani walimu wa sheria, walisema: kilichokatazwa ni kuwasha. Moto ulioukoka kabla ya jua kuzama, uache uwake. Tena ni heri, kwa maana Sabato ni furaha, na hakuna furaha ya kula gizani na kujikwaa kwenye viti. Taa ya Ijumaa ikawa wajibu. Lakini katika karne ya 8 na ya 9, huko Iraki na Uajemi, likatokea kundi la Wayahudi walioitwa Wakaraiti. Hao walisema kitabu ndicho kitabu, maneno ya marabi hatuyataki. Wakazima kila kaa la moto, wakakaa gizani. Marabi nao wakakaza kamba: katika zama hizo za ubishi ikaenea desturi kwamba mama mwenye nyumba anapowasha taa hiyo aisomee baraka maalumu, ambayo Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho yao, haiitaji popote.

Na huku kwetu, katika nyanda za juu za Ethiopia karibu na Gondar, waliishi Wayahudi waitwao Beta Israel, ambao kwa karne nyingi hawakufikiwa na marabi. Waliusoma mstari uleule kwa Kigeez, lugha ya zamani ya Ethiopia, wakazima moto Ijumaa jioni na kula chakula baridi Sabato nzima. Hawakuwa wamewasikia Wakaraiti. Mstari mmoja tu, na kwa wengine ukaleta mwanga, kwa wengine giza, na wote wanamcha Mungu yuleyule.

Mikate miwili ina maelezo mafupi zaidi. Jangwani mana ilishuka kila siku, ila Ijumaa ilishuka maradufu ili Sabato watu wasitoke kuokota. Mikate ni ukumbusho wa fungu hilo la pili.

Marabi waliendelea. Kitabu kinasema usifanye kazi. Basi kazi ni nini? Katika Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa kama mwaka 200 BK, walihesabu aina 39: kulima, kupanda, kuvuna, kukanda unga, kusokota nyuzi, kufunga fundo, kulifungua, kuandika herufi mbili, kuwasha, kuzima... Mvuvi wa Mbita angeuliza juu ya kutengeneza nyavu, na wangemjibu mara moja, maana kufunga mafundo kumo.

Halafu baada ya sheria zikaja nyimbo. Katika karne ya 16, kwenye mji wa mlimani uitwao Safed huko Galilaya, kulikuwa na watu wa sala waliokuwa wakitoka nje Ijumaa jioni kuelekea mashambani kuipokea Sabato, kama watu wanaotoka kumlaki bibi arusi. Mmoja wao, Shlomo Alkabetz, alitunga wimbo wa kumkaribisha bibi arusi huyo, Lekha Dodi. Wimbo ukatoka Safed ukaenea dunia nzima. Leo wakifika ubeti wa mwisho, waumini hugeuka wakatazama mlangoni. Wengine walio mijini hawana shamba la kutokea. Wanageuza miili tu. Hiyo ndiyo desturi: shamba limepotea, mgeuko umebaki.

Mmoja wenu ataniuliza kwa nini siku ianze jioni. Mwanzo, sura ya kwanza: ikawa jioni, kisha asubuhi. Jioni imetangulia. Kwetu hapa, karibu na Ikweta, jambo hili ni rahisi. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Mhurumieni Myahudi wa London. Mwezi wa Desemba jua linamkimbia kabla ya saa kumi alasiri, inabidi afunge duka baada ya chakula cha mchana. Juni anasubiri mpaka saa tatu usiku imepita, watoto wamekwisha lala.

*

Sasa kuna msiba. Hapo zamani sikukuu za Wayahudi zilikuwa na makao, nayo ni Hekalu la Yerusalemu. Kila asubuhi na kila alasiri mwanakondoo alitolewa sadaka pale. Mara tatu kwa mwaka watu walipanda kwenda huko kwa miguu: Pasaka, Sikukuu ya Majuma na Sikukuu ya Vibanda. Mwaka 70 BK jeshi la Roma likauzingira mji na kulichoma Hekalu.

Inasimuliwa kwamba katika kuzingirwa huko mwalimu mmoja mzee, Yohanan ben Zakkai, alijifanya amekufa. Wanafunzi wake wakamtia kwenye jeneza wakambeba hadi langoni, kwa sababu maiti hazikuzikwa ndani ya mji. Alipofika kambini kwa Warumi akatoka jenezani akamwomba jemadari wao kitu kimoja: mji mdogo wa Yavne na walimu wake. Hakuomba Hekalu. Kama kila neno la kisa hiki lilitokea hivyo, sitaapa. Ila huko Yavne walimu walikusanyika kweli, na kazi iliyowakabili ilikuwa ngumu kuliko kujenga nyumba. Iliwapasa kupata namna ya kuwa na sikukuu bila madhabahu.

Jawabu lao ni maneno. Sala ya asubuhi ikashika saa za mwanakondoo wa asubuhi, sala ya alasiri ikashika saa za yule wa alasiri. Ya jioni haikuwa na mwanakondoo, basi wakabishana vizazi kadhaa kama ni lazima au ni hiari. Sala kuu, inayosaliwa kwa kusimama, ilikuwa na baraka kumi na nane. Baadaye ikaongezwa ya kumi na tisa, na hadi leo wanaiita Kumi na Nane. Hakuna aliyejisumbua kubadilisha jina.

Anayesali huelekea Yerusalemu. Wa London hutazama kusini-mashariki. Ukisimama Homa Bay au Migori, Yerusalemu iko karibu kaskazini kabisa, kilomita kama 3,600. Homa Bay ufuoni unayapa mgongo maduka na kuyaelekea maji.

*

Pasaka ndiyo sikukuu ninayoipenda, na nyinyi mtaipenda pia, kwa sababu haianzi mpaka mtoto aseme.

Wataalamu wengi wa Biblia wanaona ndani yake sherehe mbili zilizoshonwa pamoja. Wafugaji walichinja mwanakondoo wakati wa majira ya kuchipua ya huko, kabla ya kuhama na mifugo. Wakulima walitupa chachu ya zamani na kula mkate usiochachwa mavuno ya shayiri yalipoanza. Kisha zote mbili zikabeba kumbukumbu moja, ile ya kutoka Misri: damu mlangoni, mkate uliookwa kwa haraka. Watu wa Migori, mnaojua ng'ombe na mahindi kwa pamoja, hamtashangaa kwamba mfugaji na mkulima waligombania kalenda moja.

Hekalu lilipoungua, mwanakondoo wa Pasaka akakosa pa kuchinjiwa. Sikukuu ikahamia mezani. Juu ya meza kuna mboga chungu, kwa uchungu wa utumwa. Maji ya chumvi, kwa machozi. Mchanganyiko mtamu wa matunda na karanga ngumu uliopondwa, kwa udongo wa matofali waliyofyatua. Kuna mkate mkavu usiochachwa, na sheria yake ni kali kweli: toka maji yagusapo unga hadi kuingia motoni zisipite dakika kumi na nane. Vikombe vinne vya divai. Halafu kimya, na mtoto mdogo kuliko wote anauliza: usiku huu una tofauti gani na usiku mwingine?

Maswali ni manne. Katika Mishna, swali mojawapo lilihusu nyama: mbona leo tunakula ya kuchoma tu? Hilo lilikuwa na maana enzi za mwanakondoo. Nyama ilipoondoka, swali likabaki linaning'inia, na siku moja likaondolewa. Mahali pake likawekwa lingine: mbona leo tunakula tumeegemea? Wakati ule mtu huru, bwana wa Kirumi, alikula ameegemea mito. Watumwa walikula wamesimama. Basi kila Myahudi maskini, usiku ule mmoja, anaegemea mto kama bwana. Mabwana wa Kirumi hawapo tena, na bado mtoto anauliza.

Baadaye yakaongezwa mengine. Wazee waliona watoto wanasinzia kabla ya hadithi kwisha, basi kipande cha mkate kikawa kinafichwa au kinaibiwa, na chakula hakiwezi kumalizika mpaka mtoto akirudishe, naye hakirudishi bure. Wayahudi wa Ulaya katika karne za kati walianza kudondosha tone la divai kwa kila pigo kati ya mapigo kumi ya Misri, na wengi hueleza kwamba kikombe cha furaha kinapunguzwa kwa kuwa Wamisri nao waliumia. Mwishoni husemwa: mwaka ujao Yerusalemu. Musa hakuyaamuru hata moja kati ya hayo.

*

Pasaka huangukia mwezi mpevu daima, nusu ya mwezi wa Nisani, kwa hiyo lazima mtu ajue mwezi ulianza lini. Waislamu wa Kendu Bay, wenye msikiti wao mkongwe pale, wanaijua kazi hii. Ramadhani inapokaribia macho yote huwa angani. Zamani huko Yerusalemu mashahidi walioona mwezi mwandamo walikwenda mbele ya baraza la wazee, wakahojiwa mmoja mmoja, na baraza likatangaza. Je, habari itafikaje Babeli, mbali kule, kabla sikukuu haijapita?

Kwa moto. Mtu alipanda mlima na mwenge mrefu, akaupunga mpaka aone mwenzake wa mlima wa pili anapunga wake, naye hivyo hivyo kwa wa tatu. Wazieni moto ukiwashwa juu ya Asego, nyuma ya mji wa Homa Bay. Mlima Homa unaujibu. Gembe inaona, na kutoka Gembe unafika Gwasi, na watu wa visiwani wanajua habari kabla hawajalala. Mishna inasema mambo yalikwenda vizuri mpaka wapinzani wakaanza kuwasha mioto ya uongo. Ikabidi kutuma matarishi wa miguu. Matarishi walichelewa, na walio mbali, kwa kuogopa kukosea, wakawa wanashika siku mbili badala ya moja.

Baadaye, na mapokeo husema ni karne ya 4, kalenda ikawekwa kwa hesabu: miezi ni ya mwandamo, na katika kila miaka 19 huongezwa mwezi mzima mara saba ili Pasaka isitoroke msimu wake. Hakuna haja tena ya moto wala tarishi. Na bado Wayahudi wengi walio nje ya Israeli hukaa mezani usiku mbili, na mtoto huuliza maswali yale mara mbili. Desturi ikishaota mizizi haiulizi kama sababu yake ingali hai.

Mvua nayo inaleta vituko. Sikukuu ya Vibanda huja Septemba au Oktoba. Kwa siku saba familia hula, na wengine hulala, ndani ya kibanda ambacho paa lake lazima liwe la majani, jembamba kiasi cha kuona nyota. Kilikuwa kibanda cha wavunaji. Kikafanywa ukumbusho wa safari ya jangwani. Wasabato wenzetu wana makambi yao, kwa kawaida likizo ya Agosti, watu wakihamia mahemani kwa juma zima la mahubiri na nyimbo. Kambi hizo zilianzia Michigan, Marekani, mwaka 1868, na wahubiri wao tangu mwanzo walipenda kuzilinganisha na vibanda vya Israeli. Tena kitabu kimesafiri, na watu wameleta namna yao: turubai badala ya majani.

Vibanda vikishabomolewa, Wayahudi huomba mvua. Huko Israeli kiangazi kimekwisha na mawingu ya kwanza yanatazamiwa. Hilo huendelea hadi Pasaka, ndipo wanaacha, kwa sababu kule mvua sasa ingeharibu mavuno. Lakini kwa mkulima wa Rongo, Machi na Aprili ndiyo masika! Wayahudi wanaoishi pande zetu husitisha maombi ya mvua wakati jirani yao ametoka na jembe begani anatazama juu. Sikukuu zao zinafuata mvua za nchi nyingine, nao wanajua.

Sikukuu ya Majuma siikawizi. Ni siku ya hamsini baada ya Pasaka, ilikuwa ya mavuno ya ngano; marabi wakaifanya siku ya kupewa Torati mlimani Sinai, ingawa Torati yenyewe haikuunganisha mambo hayo mawili. Wakristo wanaijua kwa jina la Kigiriki, Pentekoste.

*

Kuna sikukuu ambayo haimo kabisa katika vitabu vya Musa. Mwaka 164 KK, Yuda Makabayo na ndugu zake waliwashinda wanajeshi wa mfalme wa Kigiriki aliyekuwa ametia unajisi Hekalu, wakalisafisha, wakasherehekea siku nane. Hiyo ni Hanuka. Kila mtoto wa Kiyahudi atakwambia kisa cha mafuta: kulikuwa na chupa moja ya mafuta safi, ya siku moja, nayo ikawaka nane. Lakini Vitabu vya Wamakabayo, vilivyoandikwa karibu na vita vyenyewe, havisemi neno juu ya muujiza huo. Vinasema vita na shangwe. Kisa cha mafuta kinajitokeza katika Talmudi, karne nyingi baadaye. Wakati huo Wayahudi hawakuwa na jeshi wala dola, na nadhani taa ndogo isiyozimika iliwafaa kuliko upanga. Kwa heshima ya mafuta hayo, Hanuka huliwa vitu vya kukaangwa, vikiwamo vitumbua vyao vyenye jemu. Hapo mwuza mandazi wa stendi ya Migori angepata wateja.

Beta Israel wa Ethiopia hawakuwa na Hanuka. Matawi yao na ya wenzao yalikwisha achana. Wao walikuwa na Sigd, ambayo Wayahudi wengine hawakuijua: siku ya hamsini baada ya Siku ya Upatanisho, watu wamefunga kula, wanapanda mlima nyuma ya makuhani wao wanaobeba Maandiko ya Kigeez. Juu kileleni wanasoma, wanasujudu, wanaililia Yerusalemu; jioni wanashuka kwa nyimbo na kula. Mwaka 1991 zaidi ya watu 14,000 wa jamii hii walisafirishwa kwa ndege hadi Israeli kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Walifika Yerusalemu waliyokuwa wakiililia. Hawakuiacha Sigd, sasa wanapanda vilima vya mji wenyewe, na mwaka 2008 bunge la Israeli likaifanya sikukuu ya taifa.

Watoto wa Migori hamhitaji kuelezwa maana ya kupanda mlima kwa sala. Mna Got Kwer. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mapema miaka ya 1960, hupanda huko na kanzu zao na rozari kwenda alikozikwa Simeo Ondeto mwaka 1991. Hao si Wayahudi, wala Sigd haikuwafikia. Ila angalieni jinsi walivyofanya: waliondoka kwa Wakatoliki lakini Kilatini cha Misa wakaondoka nacho, kama vile makuhani wa Gondar walivyoshikilia Kigeez ambacho watu hawakukizungumza tena nyumbani.

*

Nimebakiza mtu mmoja, naye ni wa jirani kabisa. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Buganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda, akitumaini kupewa ufalme. Hawakumpa. Akastaafu kwa hasira karibu na Mbale, miguuni pa Mlima Elgon, akafungua Biblia. Kwanza alijiunga na Wamalaki, Wakristo waliokataa dawa za hospitali na kushika Jumamosi. Kisha akafika kwenye amri ya tohara. Mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Inasimuliwa kwamba waliambiwa hayo ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu kwamba basi wao ni Wayahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya.

Rachel Oakes alisoma kitabu akapata Jumamosi. Kakungulu alisoma akapata Jumamosi, tohara na sikukuu zote. Lakini sikukuu bila kalenda utaifanyaje? Mwezi gani, siku ya ngapi, useme maneno gani? Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwaka 1920 akatokea Myahudi mmoja aitwaye Yosef, akakaa nao kwa miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, baraka na uchinjaji. Hapo ndipo mikono ya marabi wa kale ilipoufikia Elgon. Kakungulu akaandika kwa Kiganda kitabu cha mafundisho, mwaka 1922, na alipofariki mwaka 1928 jumuiya iliendelea peke yake.

Halafu akaja Idi Amin. Alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, wengi wakabadili dini, waliobaki walikuwa mamia machache wakisali kwa kujificha. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na Waganda wenzao waliingia Kampala na Amin akaanguka. Fungueni kalenda ya Kiyahudi ya mwaka ule: jioni ya tarehe hiyo ndiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka. Usiku mmoja, kutoka Misri na kutoka kwa Amin. Usidhani Abayudaya walikosa kuliona hilo.

Tangu hapo wameongezeka tena. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata urabi baada ya kusoma Los Angeles. Zaburi wanaziimba kwa Kiganda na kwa lugha nyingine za kwao, kwa lahani walizotunga wenyewe, gitaa likiwamo, na Ijumaa jioni huimba Lekha Dodi ya Safed kwa sauti za Elgon. Ukitaka kuwasikia, toka Migori kwa basi hadi Kisumu, uvuke mpaka Malaba, ushike njia ya Mbale. Lakini ondoka Alhamisi. Jua likizama ungali njiani, shauri yako: Abayudaya wanaoshika Sabato hawaendeshi gari, wala hatatoka mtu na pikipiki kuja kukupokea mpaka Jumamosi usiku nyota tatu zionekane.